Mwanawema Bakar na Picha Aliyompigia Mumewe

(Wasifu uliosomwa na kaka yake, Talib Bakar, baada ya kisomo cha hitma, Shumba Mjini)

Dada yetu Mwanawema binti Bakar Nyange alizaliwa hapa Shumba Mjini tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Bakar Nyange na Bi Mwanamize Pandu. Alikuwa mpole tangu utotoni. Mama yetu akisema, huyu hata akilia hulia kwa kuomba radhi.

Alisoma skuli ya kijijini, kisha Micheweni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992. Mjomba wetu, aliyekuwa na studio ya picha Jadida, Wete, alimchukua amsaidie kusafisha picha. Tangu hapo hakufanya kazi nyengine. Wanawake walimwita kwenye harusi zao kwa sababu walimwamini: picha ya mtu aliyevua buibui haikutoka mkononi mwake ila kwa ruhusa ya mwenyewe. Zama za kamera za filamu zilipokwisha, alijifunza kompyuta, akawa hodari wa kuhariri. Lakini hakumpunguzia mtu umri. Bibi mmoja alipomwomba amfutie makunyanzi, alimjibu, "Bi, nikiyafuta, wajukuu zako watauliza huyu nani."

Tarehe 12 Disemba 1998 aliolewa na Maalim Zubeir Jecha, mwalimu wa jiografia, wakajaaliwa watoto wawili, Fahmi na Safaa. Baadaye Maalim alianza kupoteza nuru kwa presha ya macho. Kufika mwaka 2021 alikuwa akiona rangi kali tu, tena kwa jicho moja. Mwezi wa Juni mwaka huo alisema anatamani kuyaona kwa mara nyengine maua yanayojiotea huku kwetu kwenye mawe, masika yakiisha.

Wakaja wote wawili. Maalim alikaa juu ya jabali asione kitu, kiwi cha jua tu. Mwanawema akalala kifudifudi katikati ya maua, buibui lake likaingia tope, akangoja jua lishuke nyuma ya vichaka, akapiga.

Siku zilizofuata alikaa mbele ya kompyuta, mumewe ubavuni. Akapandisha manjano, akaitia giza mbingu, akauliza, "Sasa?"

"Bado."

Akaikuza picha mpaka ua moja likajaa kioo kizima. Fahmi alipopita alisema, "Mama, rangi zimezidi. Hakuna jua jekundu hivyo."

"Hii si ya watu, mwanangu. Ya babako."

Akaongeza tena kidogo. Maalim akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akasema, "Nnaliona. La manjano. Na jengine nyuma yake."

Mwanawema alitoka nje akalia. Mwaka uliofuata nuru ya Maalim ilikwisha kabisa.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Unguja na Dar es Salaam, akapata nafuu, kisha maradhi yakarudi. Maalim alimuuguza kwa kupapasa: dawa, maji, shuka. Kila alipokosea chupa, marehemu alimwelekeza taratibu, "Ile ya kushoto, Maalim," wala hakukubali mtu mwengine ampokee kazi hiyo. Alifariki nyumbani kwao Jadida, Alhamisi tarehe 10 Julai 2025, kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alizikwa siku ile ile hapa Shumba.

Wasifu huu tulimsomea Maalim kwanza. Tulikuwa tumeandika kwamba marehemu alipenda sana maua. Akatuzuia.

"Hapo futeni," alisema. "Maua hakuwa na shughuli nayo. Alinipenda mimi."

Tumefuta.

Marehemu ameacha mume, Maalim Zubeir. Watoto wake, Fahmi na Safaa. Mjukuu mmoja, Nusaiba. Mama yake mzazi, Bi Mwanamize. Na sisi ndugu zake. Mola amsamehe makosa yake, alitie nuru kaburi lake, na ampe humo mapumziko ya amani. Amin.