Wakili Aliyemtuma Costansia kwa Kemirembe

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu ya Karagwe. Ndugu Katibu Tarafa. Ndugu Diwani wa Ihembe. Baba Paroko na Shehe wetu, ambao leo mmekubali kubanana benchi moja. Wazee wetu wa kike na wa kiume, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Bukoba, Kihanga na Songambele. Na wewe tunayekuaga, Wakili Adventina: nawasalimu nyote kwa heshima. Ambaye sikumtaja ajue nimemwona, ila mwenyekiti wa kamati ananionyesha saa yake tangu sijafungua mdomo.

Mimi ni Mwanamisi binti Ramadhani. Wengi mnanijua kwa duka langu la pale Kihanga, mkija kununua chumvi na mafuta ya taa, na wengine mkija kukaa tu kwenye baraza langu bila kununua chochote. Babu yangu alitoka Pangani akifuata biashara, akaonja ndizi za huku, akasahau kurudi. Sheria sikuisoma. Nimesimama hapa kwa sababu aliyepaswa kusimama ni marehemu Costansia, mjane wa Celestin, na yeye tulimzika mwezi wa pili mwaka huu. Alikuwa ameniambia kwamba siku wakili huyu akiagwa, atasema mwenyewe, na hatamwachia mtu mwingine. Basi mtanivumilia, namsemea rafiki yangu.

Ndugu zangu, mnajua kwa nini tunamuaga Adventina. Serikali imemteua kuwa hakimu, na kituo chake ni mbali. Hakimu hashauri upande mmoja. Kuanzia sasa, hata tukimfuata hukohuko aliko na vikapu vya ndizi, atatusalimu, atatuuliza habari za watoto, basi. Tunafurahi kwa ajili yake, na mimi binafsi nasikitika, na sioni sababu ya kuficha.

Nirudi nyuma kidogo. Celestin na Costansia walikuja hapa Ihembe wakiwa vijana, miaka ya sitini, wametoka Rwanda na mtoto mgongoni. Walilima vibanja vya watu, mashamba haya yetu ya migomba na kahawa, kwa muda mrefu, mpaka Mzee Tibenderana, Mungu amrehemu, alipowapenda kwa bidii yao akawapa kibanja chao wenyewe. Alikitoa kwa desturi ya hapa: majirani waliitwa, lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, na mpakani ikapandwa ile mimea ya alama tunayoiita milamula. Karatasi haikuwepo, na wakati ule nani aliidai? Wakapanda kahawa, wakapanda migomba, wakalea watoto. Celestin alipofariki alizikwa palepale, upande wa chini, kando ya njia inayotoka barabara ya kanisani kwenda kwenye chemchemi.

Mwaka themanini na sita Costansia akaletewa samansi. Mtoto wa Mzee Tibenderana, Ndugu Laurian, alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufanya kazi Mwanza miaka mingi, na alikuwa anadai kibanja chote. Alisema baba yake alikiazima tu, hakukitoa. Ndugu Laurian yuko hapa leo, ameketi nyuma ya wanakwaya. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja. Akasema nimtaje, ila nisimtie chumvi, nami nauza chumvi, siimwagi ovyo.

Costansia alinijia dukani na ile samansi ameikunja ndani ya kanga. Hakulia. Aliniambia jambo moja: nikiondolewa pale, Mwanamisi, nitazikwa wapi? Mimi nataka kulala karibu na Celestin. Ndugu wageni waalikwa, mengine yote yaliyofuata yalikuwa kwa ajili ya neno hilo. Mwanamke aliyekwisha kuhama nchi mara moja hakutaka kuhama tena, hata akiwa maiti.

Tukaambiwa tutafute wakili. Sasa, wakili anatafutwaje? Sisi watu wa huku tulijua kutafuta mshenga. Mshenga anatafutwa mwenye sauti, mwenye maneno matamu, asiyeishiwa na jibu. Unampa sifa zote za kijana wako, na ile siku aliyoanguka kilabuni unaificha. Tukadhani wakili ni hivyohivyo. Kwa kuwa mimi nilizoea kwenda Bukoba kuchukua bidhaa, ikawa mimi ndiye mpelekaji. Tukapanda lori la kahawa, na tulipofika mjini niliulizia wakili mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Nikaonyeshwa bwana mmoja, simtaji, suti imemkaa vizuri, anaongea kama dalali wa mnadani. Kabla Costansia hajamaliza kusema jina lake, yule bwana alikwisha kumhakikishia kwamba kesi ameshinda. Mimi nilifurahi sana. Costansia ndiye aliyenivuta kanga, akaniuliza kwa sauti ya chini, ameshindaje wakati hajaniuliza kitu?  Tukaaga kwa adabu, tukatoka. Nje tukamuuliza mama mmoja mwuza vitenge, aliyewahi kusumbuliwa juu ya nyumba yake, nani alimsaidia. Akatuelekeza ngazi za nyuma ya duka la vitambaa, kwa binti mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo.

Ndiyo, Adventina, binti mwembamba mwenye sauti ndogo ulikuwa wewe, nami nilikata tamaa nilipokuona. Usinune, siku hizi umenenepa kidogo.

Jambo la kwanza alilotuambia lilitumaliza nguvu. Alisema kesi iko mahakama ya mwanzo, na mahakama ya mwanzo wakili haruhusiwi kuingia kumsemea mtu. Nikaona tumepanda lori bure. Nikamwambia wazi kwamba sisi tumekuja kukodi mdomo. Akatabasamu, akasema, "Mdomo mama anao. Mimi nitamshauri aseme nini, na anyamazie nini, na kwa nini." Halafu akatueleza kazi atakayoifanya na kazi asiyoweza kuifanya, akataja ada yake kabla hatujauliza, na akasema kama hatujaridhika tuondoke bila deni. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mimi ni mfanyabiashara, nimekaa na watu wanaouza, na mtu anayekuambia mapema asichokuwa nacho dukani ni wa kumshika usimwachie.

Basi Costansia akaanza kueleza. Na alieleza kama tulivyozoea, kishenga. Celestin alikuwa mtu wa watu. Yeye mwenyewe hajawahi kugombana na jirani yeyote. Mzee Tibenderana aliwapenda kama wanawe. Adventina akaandika, akaandika. Kisha akamuuliza ni nani walikunywa lubisi siku ile kibanja kilipotolewa. Costansia akataja fulani, na fulani, na fulani, na wote waliotajwa walikuwa makaburini. Adventina akaweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "sasa niambie yule ambaye hutaki kunitajia."

 Mimi nilikuwa najua, na nilikuwa natazama dirishani. Alikuwepo Bibi Kemirembe, jirani, ambaye siku ile ndiye aliyeleta vipando vya milamula na kuishika wakati inafukiwa. Lakini Costansia na Kemirembe walikuwa hawasalimiani. Chanzo kilikuwa ile njia ya kwenda kwenye chemchemi. Mzee Tibenderana alipotoa kibanja alitoa kwa sharti: njia ibaki wazi kwa wote. Celestin alilishika sharti hilo mpaka kufa kwake. Baada yake, mbuzi wa watu wakawa wanapita na kumaliza maharage ya mjane, na Costansia, kwa hasira ambayo yeyote kati yetu angekuwa nayo, akaifunga njia kwa uzio wa miti. Kemirembe akawa anazunguka kilima na ndoo kichwani, na umri ule. Walitupiana maneno, na Costansia akaapa mbele ya watu kwamba hatatia kitu cha Kemirembe kinywani mwake tena. Na Laurian naye, aliporudi kutoka Mwanza, kitu cha kwanza alichokutana nacho ni uzio huo.

Costansia akamweleza wakili yote hayo, huku akimtazama kama mtu anayevuliwa jino. Mnadhani alipewa ujanja gani? Alipewa mambo mawili, na yote mawili hakuyapenda. La kwanza, aufungue uzio kabla ya siku ya kesi, bila kungoja kuamriwa. La pili, aende kwa Kemirembe amwombe aje kusema alichokiona. Akaonywa asimfundishe hata neno moja, hata kama Kemirembe atalitaja lile sharti la njia.

Tuliporudi, kijiji kizima kikawa wakili. Wakasema ukifungua njia umekiri ardhi si yako. Wakasema Kemirembe atakumaliza. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa sijui nisimamie wapi. Rafiki yangu alikuwa na kibanja kimoja, na kaburi moja, na ushauri wa binti tuliyemwona mara moja. Costansia alikaa siku kadhaa bila kula vizuri. Asubuhi moja akachukua panga, akaenda akakata kamba za uzio ule mwenyewe, nguzo akazibeba nyumbani kuwa kuni.

Kisha akanipitia, tukaenda kwa Kemirembe. Nilimwona akisita pale uani, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akisita. Akapiga magoti kidogo, akasema shikamoo. Bibi Kemirembe akachelewa kuitikia, akamwacha vile, mpaka mimi nikaanza kuhesabu kuku wake kwa aibu. Hatimaye akaitika marahaba. Akaingia ndani, akatoka na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ambacho mgeni hupewa katika nyumba za huku, akakiweka mbele ya Costansia, akakaa kumtazama. Costansia alikitazama kikapu. Akachukua punje, akatia kinywani, akatafuna. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Shida ilipoelezwa, Kemirembe alisema hivi, nami nayakumbuka kila siku: "Sitakuja kukusaidia wewe. Nitakuja kusema nilichokiona."

Akaja. Mahakamani Costansia alisimama akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake kile kilichochanganyika na Kinyambo na Kinyarwanda. Alisema kibanja kilitolewa, alisema sharti lilikuwepo, alisema njia aliifunga na sasa ameifungua. Mimi nilifumba macho. Bibi Kemirembe akafuata, akasema lubisi ilikunywewa na nani, milamula ilipandwa wapi, Mzee Tibenderana alisimama wapi alipotamka kwamba anatoa. Na akaeleza, bila kupunguza, jinsi alivyozungushwa kilima. Hakimu na wazee wa baraza wakaenda kuikagua ile milamula, wakaikuta imekuwa mikubwa palepale alipoionyesha. Kibanja kikabaki cha Costansia. Njia ikabaki ya wote.

Ndugu Laurian alikuwa na haki ya kukata rufaa, na hakukata. Siku moja nilimuuliza sababu. Akaniambia kwamba alikwenda mahakamani akitegemea kusikia uongo, na alikuwa amejiandaa kwa uongo. Jibu hilo nililipenda, na tangu siku hiyo kwangu anapata sukari hata ikiadimika.

Sasa nawauliza ninyi mnaomsifu Adventina kwa kesi kubwakubwa za Bukoba, ambazo mimi sizijui: je, aliyetusaidia kweli ni yule aliyetuahidi ushindi, au huyu aliyemtuma mjane akapige magoti kwenye ua wa adui yake? Baada ya hapo wangapi mlimfuata, kwa mashamba, kwa mirathi, kwa watoto wenu waliogombana na waajiri? Na wangapi mlirudi mmenuna kwa sababu alikuambieni mlikosea? Msiangalie chini, nawajua wote, mlinuna kwenye baraza langu.

Wakili Adventina, wewe ulikuwa safarini mwezi wa pili, hukuweza kuja kumzika Costansia. Therese, binti yake, huyu hapa, amenituma nikueleze ilivyokuwa.

Misa ilipokwisha, jeneza lilibebwa kushuka kwa njia ile ile. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni nyembamba, na wabebaji hawakuweza kupita sita kwa pamoja. Upande mmoja ni migomba ya Costansia, upande wa pili ni ya Ndugu Laurian, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake. Tukasimama. Vijana wakaanza kubishana walishushe jeneza chini kwenye tope au walirudishe juu. Laurian akatoka katikati ya waombolezaji na panga mkononi. Akakata migomba yake, ndugu zangu, migomba yenye mikungu ambayo haijakomaa, mmoja baada ya mwingine, mpaka chini kabisa, akailaza kwenye tope ili wabebaji wakanyage. Hakuna aliyemwomba. Bibi Kemirembe alikuwa ameshika mkono wangu.

Tukapita. Costansia amelala karibu na Celestin.

Hilo ndilo Costansia alilotaka kukushukuru kwa ajili yake. Nenda salama, binti yetu, ukahukumu kwa haki, na Mungu akulinde. Nanyi waheshimiwa, wazee wangu na ndugu zangu, ahsanteni sana kwa kunipa masikio yenu.