Sajini Kitavi Nzioka na Amri ya Tarehe Tisa

Wapendwa waombolezaji, mnisamehe mapema, familia ilitafuta mtu mwenye sauti ya huzuni wa kusoma historia ya marehemu, ikanipata mimi, shemeji wake, niliyepata riziki jukwaani miaka thelathini kwa kuchekesha watu, na hata nikisoma tangazo la maji kukatwa kuna mtu atacheka, kwa hivyo nitaisoma vibaya, lakini nitaisoma yote.

Sajini mstaafu Gideon Kitavi Nzioka alizaliwa tarehe 14 Mei 1969 huko Kangemi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nzioka na Mama Ngina, akasoma shule ya msingi papo hapo Kangemi, kisha sekondari kule Machakos, akamaliza mwaka wa 1987 na gredi ambayo aliniomba nisiitaje, nami siitaji.

Alijiunga na jeshi tarehe 3 Machi 1989, na tarehe 9 Agosti 1998, akiwa koplo kule kaskazini kwenye oparesheni ya kusaka mifugo iliyoibwa, yeye na wenzake watano waliamriwa na afisa wao kumpiga risasi kijana mchunga ng'ombe waliyekuwa wamemkamata, ameketi chini, mikono kichwani, hana silaha, na marehemu akampiga. Miaka ishirini na zaidi, mtu akimuuliza, alijibu, "Niliagizwa," kwa sauti ya mtu anayetaja nambari ya kitambulisho, akaendelea kula. Asichosema mpaka alipougua ni kwamba mmoja wao, Wachira, aliweka bunduki chini akasema, "Afande, huyu tumeshamshika, mimi sipigi," na wote wakangoja kuona Wachira akimalizwa, kumbe aliadhibiwa wiki mbili za kuchimba vyoo vya kambi, akarudi na malengelenge mikononi, akaketi kula nao, akaomba chumvi.

"Wiki mbili, shemeji," marehemu aliniambia. "Si hata mimi ningechimba?"

Alifunga ndoa na dada yangu Philister Ndanu tarehe 11 Desemba 1999, hapa Muthangari, wakajaliwa Debra Nzisa mwaka wa 2001 na Jeremy Muindi mwaka wa 2004, na alikuwa baba mpole, isipokuwa hakuvumilia kumwona mtoto ameweka mikono kichwani, hata kwa mchezo, na Jeremy alipofungwa bao akajishika kichwa kama kipa yeyote, baba yake aligeuka akatazama barabara mpaka mechi ikaisha.

Alistaafu mwaka wa 2012, akawa msimamizi wa walinzi kule Karen, hadi tarehe 20 Januari 2024 alipopatikana na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwezi wa Juni, akiwa kwenye hiyo mashine, aliniandikisha habari za tarehe tisa neno kwa neno, nikamsomea mara mbili, akanifanya nikate neno "niliagizwa," akaongeza kwamba jina la yule kijana hakuwahi kuliuliza, akasema lazima ichapishwe kwenye kijitabu cha mazishi, kwa sababu kijitabu hubaki nyumbani na watoto watakisoma. Alituacha tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Philister.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Muthangari walioleta viti na sufuria bila kuombwa, walinzi wenzake wa Karen, na Mzee Wachira aliye pale safu ya nyuma, ambaye amekuja na hakuna aliyemweka kwenye ratiba.

Mkifungua kijitabu mtaona kimeandikwa tu kwamba alitumikia taifa kwa uaminifu, maana kamati ya mazishi iliona aya ile itatia familia aibu, ikaniambia niitoe, nikaenda River Road nikaitoa, na mchapishaji aliponiuliza, "Na hii ndiyo ndefu kuliko zote, mbona inatoka?" nikamwambia mimi nimetumwa tu.

Basi pumzika, Sajini, amani uliyoikosa ikupate huko uendako, na usione aibu mbele yangu, kwani wewe uliamriwa na afisa mwenye bastola kiunoni, na mimi niliamriwa na watu saba wanaokunywa chai.