Moja, Mbili, Nne

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali. Limeegemea ukuta unaotenganisha duka langu la kutengeneza redio na saluni ya Kinyozi, na ukikaa upande wa tofali usijitingishe. Juu ya mlango wa saluni kuna maandishi ya bluu yaliyoanza kufifia, aliyoyaandika marehemu baba yake Kinyozi kwa mkono wake: SALUNI YA MWANABENDI. Maandishi hayo yametugombanisha miaka nenda miaka rudi. Mzee alidai alikuwa kwenye Kengele Sita, bendi ambayo wazazi wetu walioana kwa nyimbo zake, lakini hakuna picha hata moja wala jalada la santuri lenye sura yake. Basi siku hiyo, alasiri, Kinyozi alikuja kijiweni na vitu viwili. Cha kwanza ni sanduku alilotumiwa na dada yake, toleo jipya la nyimbo za Kengele Sita, pamoja na nyimbo kumi na moja zilizokuwa zimelala ghalani na hazijawahi kutoka. Cha pili ni kopo la rangi nyeupe. Kopo akalisukuma chini ya benchi, akasema tusikilize hizo kumi na moja zote, na baba yake asiposikika humo, kesho asubuhi anapanda ngazi kufuta neno "mwanabendi". Hakuwa anatania. Nikatoa gramafoni, nikavuta waya kupitia dirishani, nikaweka spika yangu kubwa juu ya kiti. Muziki wa namna ile kuusikiliza kwenye simu ni kuutukana.

Wa kwanza kulidaka sanduku ni Makali. Makali ni mnoa visu na mikasi. Baiskeli yake yenye jiwe la kunolea huiegemeza hapo kila siku, na ulimi wake haujawahi kuhitaji jiwe. Akafungua kijitabu kilichokuwa ndani.

Makali: Haya, sikilizeni. Mwimbaji na kiongozi, mmoja. Gitaa la kwanza, gitaa la pili, besi, ngoma, saksafoni. Jumla?

Jibu: Sita.

Huyo Jibu ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Tunamwita Jibu kwa sababu hajawahi kusema "sijui" tangu tumfahamu.

Makali: Sita. Na bendi inaitwa Kengele ngapi? Sita. Kinyozi, ndugu yangu, mimi nakupenda, lakini baba yako, mtu wa saba, anatokea wapi?

Kinyozi: Mzee alisema alikuwemo.

Makali: Alisema pia kwamba bila yeye hawaanzi. Labda ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango.

Kinyozi: Makali, leo usianze.

Makali: Sianzi. Kwani mimi ndiye mwenye ufunguo?

Tukacheka, na mimi nilicheka, nakiri. Kinyozi hakucheka. Alikuwa amekaa upande wa tofali, mikono katikati ya magoti, macho kwenye santuri.

Nikaweka wimbo wa kwanza. Jamani! Mimi nimefungua redio za watu kwa miaka thelathini na zaidi, najua sauti iliyooza na sauti iliyotunzwa. Hii ilitunzwa. Ulimsikia kiongozi akikohoa, ukasikia kiti kikiburutwa, kisha akahesabu kwa sauti yake ile nzito: "Moja, mbili... nne!" na magitaa yakaingia yote pamoja. Nywele zikanisimama. Hawa watu walikuwa wa kwetu, na walijua kazi.

Wimbo wa pili: "Moja, mbili... nne!" Wa tatu vilevile. Tulipofika wa tano Shemeji akashusha birika. Shemeji ndiye anayetuuzia kahawa. Sote tunamwita hivyo, ingawa ukiuliza ni shemeji wa nani hapatikani mtu.

Shemeji: Huyu baba mbona anaruka tatu?

Hapo ndipo ubishi ulipowaka.

Makali: Hakusoma huyo. Shule aliishia mlangoni.

Jibu: Acha utovu wa adabu. Ile ni hesabu ya moyoni. Tatu inahesabiwa kimyakimya ili wapigaji wasishtuke.

Makali: Na moja na mbili haziwashtui?

Jibu: Moja na mbili ni namba nyepesi. Tatu ni nzito. Ukiitamka, wimbo unainamia upande mmoja. Kama benchi hili.

Shemeji: Nyote hamjui kitu. Tatu ni jina la mtu. Mama mkwe wake aliitwa Tatu. Sasa atamtaja mama mkwe mbele ya wanaume watano, huku mmoja ameshika saksafoni?

Makali: Ee! Hiyo nayo inaingia akilini.

Jibu: Umejuaje jina la mama mkwe wake?

Shemeji: Nimejua kwa sababu hamtaji.

Makali: Mimi nasema ni mke. Alikuwa na wake wawili, akaenda kuposa wa tatu, akakataliwa mchana kweupe watu wanaona. Toka siku hiyo namba hiyo kwake ni marufuku. Hata sukari anaweka vijiko viwili au vinne.

Nikaona wanaharibu. Nikaingilia kama fundi.

Mimi: Tulieni. Hapo zamani walirekodi kwenye kanda. Kanda ikikatika, unaikata vizuri unaiunga. Huenda tatu ilikatwa.

Jibu: Kwenye nyimbo zote?

Alinibana. Nikarudisha sindano, nikapima kwa kugonga goti. Kanda ilikuwa nzima. Kati ya mbili na nne palikuwa na nafasi kamili ya pigo moja, hata saa mpya isingeweza kupima vizuri zaidi.

Mimi: Naondoa neno langu. Hakuiruka. Ameiachia nafasi.

Makali: Basi nimeelewa! Kampuni imeikata makusudi. Mwakani utaona wanaleta sanduku jingine, jeusi, herufi za dhahabu: "Tatu. Haijawahi kutoka." Na nyinyi mtalinunua!

Jibu: Hilo haliwezekani.

Makali: Na la mwaka unaofuata litakuwa kikohozi.

Tukacheka mpaka tofali likahama. Kinyozi peke yake ndiye aliyekuwa akisikiliza. Wa saba, wa nane, wa tisa. Kila saksafoni ilipomaliza aliinua uso kidogo, kisha akauinamisha. Wa kumi. Wa kumi na moja. Sauti ya mtu mmoja, vyombo vitano. Sindano ikafika katikati ya santuri ikabaki inakwaruza.

Kinyozi: Ndio hivyo.

Makali alikuwa anachezea kamba ya kiatu chake.

Kinyozi: Mzee alikuwa hasemi uongo kwenye kitu kingine chochote. Bei, umri, ugonjwa wake, vyote alisema kweli. Ni hili tu. Alikuwa ananiambia, "Mimi kwenye bendi nilikuwa tatu."

Jibu: Wa tatu.

Kinyozi: Wa tatu, ndiyo. Ulikuwa unamsahihisha hapahapa.

Jibu: Nilimsahihisha kwa heshima.

Kinyozi: Akawa anarudia vilevile. Nilikuwa tatu, nilikuwa tatu. Nikaona uzee.

Akainama kuchukua kopo la rangi lakini halikuwepo. Alikuwa amelikalia mwanamke mmoja mwenye fulana ya idara ya maji, daftari mapajani. Ni msoma mita. Mita zetu mbili ziko ukutani nyuma ya benchi, na kwa kuwa tumeziziba alikuwa amevuta kopo akakaa kutusubiri tunyanyuke. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

Msoma mita: Samahanini. Nimewasikia tangu wimbo wa saba. Mimi kazi yangu ni namba, nikiona mojawapo imekosekana sitalala. Nina swali dogo.

Makali: Uliza, dada, hapa kuna mtu anaitwa Jibu.

Msoma mita: Huyu kiongozi anasema moja, anasema mbili, anaacha nafasi, anasema nne. Sasa hiyo tatu alikuwa anaisema nani?

Tukamgeukia Jibu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

Jibu: Sijui.

Shemeji akaacha kumimina. Sisi tumemfahamu mwalimu huyu miaka mingapi!

Nikarudisha sindano mwanzo kabisa. Safari hii nikapunguza besi yote, nikapandisha sauti nyembamba hadi mwisho. Kikohozi. Kiti. Moja, mbili, na pale kati, kitu kidogo: ka-cha. Nne!

Mimi: Hiyo ni santuri imekwaruzwa. Niliisikia tangu mwanzo, nimeifuta mara mbili kwa shati langu.

Makali: Rudisha.

Nikarudisha. Ka-cha.

Makali: Wimbo wa pili.

Ka-cha. Palepale.

Makali: Wa kumi na moja.

Ka-cha. Makali akavua kofia. Sijawahi kumwona kichwa wazi, hata kwenye mvua.

Makali: Kinyozi.

Kinyozi: Nini?

Makali: Nimekubembeleza miaka mingapi nikukazie skrubu ya ule mkasi?

Kinyozi: Mkasi upi?

Makali: Upi tena! Mkasi wa mzee! Ule uliouning'iniza juu ya kioo, uliolegea, unaolia mara mbili! Mkasi mzima unasema "kacha", mara moja tu. Ule wa baba yako ubapa mmoja unatangulia, wa pili unafuata. Ka-cha! Nimenoa mikasi ya mji huu wote, hakuna mwingine unaolia hivyo. Nilimwambia mzee mwenyewe niukaze, akanijibu ukiugusa nitakukata sikio.

Kinyozi alisimama ghafla hivi kwamba benchi zima likanyanyuka upande wa pili na kahawa ya Jibu ikamwagikia suruali. Hakuomba radhi, na Jibu hakudai. Akaingia saluni, akatoka na ule mkasi mrefu mweusi, vidole tayari viko kwenye matundu. Nikaweka sindano mwanzo wa wimbo wa nne.

"Moja, mbili..."

Ka-cha, ikalia spika. Ka-cha, ukalia mkasi mkononi mwa Kinyozi, pamoja, sauti moja.

"Nne!"

Shemeji akapiga kigelegele. Mimi sina haya kusema nililia. Miaka yote hiyo kijana mzima ananing'iniza mkasi ukutani akidhani ni ukumbusho wa saluni, kumbe ananing'iniza chombo cha muziki.

Kinyozi: Mzee alikuwa anawanyoa kabla ya kurekodi. Hilo nililijua. Kiongozi hakuruhusu mtu aingie studio nywele timutimu.

Jibu: Na kiongozi alikuwa na haraka, unamsikia anavyokimbiza. Bila shaka walimwekea breki. Haruhusiwi kusema nne mpaka asikie mkasi.

Mimi: Na zile santuri za zamani zote walikata vichwa vya nyimbo. Zinaanza moja kwa moja na gitaa. Kwa hiyo kila wimbo alioupiga walimtupa.

Makali: Lakini ni mlio mmoja. Kwa kila wimbo, mlio mmoja.

Akasema hivyo kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna. Kinyozi akamtazama, na nikaona mabega yake yamepanda mahali ambapo sijapata kuyaona.

Kinyozi: Mmoja, ndiyo. Na bila huo?

Makali: Hawaanzi.

Kinyozi: Sema tena.

Makali: Bila yeye hawaanzi! Mzee alisema kweli, mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele. Nisamehe, Kinyozi. Na yeye anisamehe huko aliko.

Jibu alikuwa bado ameshika miwani.

Jibu: Hakusema "wa tatu". Alisema "nilikuwa tatu". Alikuwa anasema Kiswahili sanifu kabisa, na mimi mwalimu nikamsahihisha mbele za watu.

Makali alichukua kalamu ya msoma mita bila kuomba, akafungua kijitabu, na chini ya yale majina sita akaandika la saba, na mbele yake: mkasi. Mwandiko wake mbaya sana. Kinyozi alikisoma kijitabu kile kwa muda mrefu, midomo ikicheza, kisha akakifunga na kukiweka ndani ya shati.

Msoma mita: Basi ninyanyuke nisome mita zangu. Na hili kopo nililokalia ni la nani?

Tukatazamana. Hakuna aliyesema ni lake. Mwishowe Makali akalifunga nyuma ya baiskeli yake, akidai siku nyingi alikuwa anataka kuipaka rangi nyeupe, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia.

Kinyozi: Mimi kesho nitahitaji ya bluu.

Birika lilikuwa limekauka. Shemeji akaanza kukusanya vikombe vyake kutoka kwetu sisi wanne, huku nikiirudisha santuri mwanzo kwa mara ya mwisho.

Shemeji: Moja... mbili...

Akasita, kikombe cha tatu mkononi, akamwangalia Kinyozi, aliyekuwa bado ameshika mkasi.

Ka-cha.

Shemeji: Nne.

Nikashusha sindano, tukaanza.