Mama Kengele Aiacha Kengele Kambini

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, mratibu wetu wa elimu ya dharura anastaafu baada ya kulitumikia shirika kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake limo kwenye faili, ila hakuna anayelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote tunamwita Mama Kengele. Hata mumewe, fundi cherehani, amesalimu amri: akipiga simu ofisini, humuulizia kwa jina hilohilo.

Alikuwa mwalimu katika shule ya msingi iliyofungwa kwa sababu ya vita. Wenzake walipongoja ifunguliwe, yeye aliwafuata wanafunzi wake kambini, kengele ya shule ikiwa mkobani. Huko ndiko alikoanzisha utaratibu tunaoufuata hadi leo: darasa huanza siku ya kwanza, kabla ya hema, kabla ya ubao, kabla ya madaftari. Kengele inalia, watoto wanakaa chini, somo linaanza. Wataalamu waliokuja na mipango ya miezi sita walimshangaa, kisha wakamuiga.

Kengele yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani, askari alitaka kujua ni nini kinagongagonga mkobani. Mama akaitoa, akaipiga papo hapo. Askari akasimama wima, mikono nyuma, akasahau hata kukagua gari. Dereva wetu anaapa kwamba nusura amwamkie shikamoo mwalimu.

Lakini kazi haikuwa mteremko. Mwaka tulipopokea familia kutoka mji uliokuwa umeshambuliwa, Mama alifanya kama kawaida yake: asubuhi ya kwanza, akapiga kengele. Watoto hawakuja kukaa. Walirukia mtaroni, wakajifunika vichwa kwa mikono. Katika mji wao, kengele ya shule ndiyo iliyokuwa ikipigwa kuwaonya watu kwamba mabomu yanakuja. Hakuna aliyetuambia, na Mama hakuwa ameuliza. Alilia mbele yetu sote, bila kujificha. Tuliogopa kwamba watoto wale hawatakanyaga tena darasani.

Akaifunga kengele kwa kitambaa, akaanza kupita hema kwa hema, akibisha hodi na kuzungumza na wazazi. Taratibu watoto walirudi, isipokuwa binti mmoja aliyeng'ang'ania gauni la bibi yake na kuziba masikio kila alipomwona Mama. Mama hakumbembeleza wala kumsukuma. Kila jioni aliketi na bibi yule wakichambua maharagwe, huku kengele ikiwa kando yao, imefungwa vilevile. Siku moja binti akauliza kilichomo. Mama akamwachia aifungue mwenyewe, aishike, aitikise kwa kadiri atakavyo. Kesho yake alikuja darasani.

Tangu hapo, hakuna kengele inayolia katika kambi zetu kabla ya wazazi kuulizwa sauti hiyo ina maana gani kwao, na anayeipiga ni mtoto. Kila mwalimu mpya hufundishwa hivyo. Madarasa aliyoanzisha chini ya mahema yametoa wauguzi, mafundi na walimu. Ametuachia pia balaa moja: hakuna anayethubutu kuchelewa kikaoni.

Binti yule sasa ni mwalimu wa darasa la kwanza katika kambi ileile, na wiki iliyopita ndiye aliyekabidhiwa kengele. Siku hiyo aliipiga mwenyewe, kwa nguvu zake zote. Watoto walikimbia, wakicheka na kusukumana, hadi darasani. Mama Kengele, aliyekuwa bado anaagana na wazazi, ndiye aliyeingia wa mwisho.

Asante, Mama, kwa niaba yetu na ya watoto wote uliowafuata walikokimbilia. Nenda kapumzike na mzee wako, na asubuhi ulale mpaka utosheke. Kengele ikilia, jua kuna mtu wa kuipiga.