Matone Nane Ambayo Hayakupimwa

Miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa: huo ndio utumishi wa fundi sanifu wetu wa maabara ya maji, anayestaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Siku hizo tisa alizihesabu mwenyewe. Karani wa utumishi alikuwa ameandika nane, akarudishiwa karatasi.

Sisi tunamwita Mama Matone. Alianza kwa kuosha chupa za sampuli, akapanda hadi kwenye meza ya vipimo, na meza hiyo hajaiacha tena. Wengi tuliomo humu ni yeye aliyetufunza kazi, pamoja na mimi ninayeitwa mkuu wa maabara. Sheria yake ni moja: namba ambayo hukuipima, usiiandike. Siku moja mkurugenzi aliingia na wageni wake akamkuta akidondosha dawa ya kipimo kwenye sampuli, amefika tone la kumi na nne. Walisimama mlangoni, tai na suti zao, mpaka alipomaliza kuhesabu ndipo wakasalimiwa.

Ni yeye aliyegundua asubuhi moja kwamba maji yanayotoka mtamboni hayana dawa ya kuua vijidudu hata chembe. Aling'ang'ana mpaka bomba kuu likafungwa, wakubwa wakinung'unika. Jioni pampu ya dawa ilikutwa imekufa, na manung'uniko nayo yakafa.

Nyumbani kwake, pale ambapo watu wengine huweka televisheni, aliweka tangi la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe hai. Mumewe hupenda kusema alioa mke mmoja akapewa na bahari juu. Tumbawe lake kubwa lilianza likiwa kipande cha kidole gumba; baada ya miaka tisa lilikuwa pana kama sinia. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na ualkali wa maji, yaani chumvichumvi zinazozuia maji yasiwe na asidi, kwa hiyo vitu hivyo hupungua kila siku na lazima virudishwe kila siku, kidogo kidogo, kutoka chupa mbili. Chupa ya pili husubiri saa nzima baada ya ya kwanza, la sivyo dawa hizo hukutana majini zikawa chokaa.

Hapa ndipo ningepaswa kuhamia kwenye shukrani. Nimeziandika mara tatu nikazifuta. Kuna jambo ambalo nikiliruka, wasifu huu utakuwa uongo wenye picha ya rangi.

Miaka sita iliyopita binti yake alijifungua, naye akasafiri na mumewe siku kumi na moja kwenda kumuuguza. Aliniachia ufunguo, ukurasa mmoja wa maelekezo na daftari. Kila jioni nipime ualkali kwa matone: rangi ya buluu ikigeuka njano kwenye tone la nane, mambo ni mazuri. Maji yaliyokauka niyafidie kwa maji matamu, kwa kuwa chumvi haikauki pamoja nayo. Nilimhakikishia asiwe na shaka, kazi ndogo kama hiyo kwangu ni mchezo.

Nilikwenda siku mbili. Kisha nikapiga chenga siku tano, mara mvua, mara mpira. Alipopiga simu kuulizia matumbawe yake, nilimwambia yananawiri, ale raha na mjukuu. Siku ya nane nilipofungua mlango, maji yalikuwa yameshuka vidole vinne. Nikaingiwa na hofu. Nilimimina dawa za siku zote tano kwa mkupuo, chupa zote mbili pamoja. Maji yakawa meupe kama uji. Kisha nikakaa kwenye kochi lake nikajaza daftari: nane, tisa, nane, nane, nane. Ile tisa niliitia ili zionekane za kweli. Naona haya hata kuiandika.

Aliporudi, tumbawe lilikuwa limepukutika nyama yote, limebaki mfupa mweupe. Alisoma daftari langu, akaliamini, akafikiri kama mtu wa maabara anavyofikiri: kama vipimo ni sahihi na dawa ilitiwa kama alivyoelekeza, basi aliyekosea ni yule aliyetengeneza dawa za chupani kabla ya safari. Yaani yeye. Nilijitia hamnazo. Nikampa pole.

Mwaka uliofuata nafasi ya mkuu wa maabara ilitangazwa, na kila mtu alijua ni yake. Hakuomba. Alimweleza mkurugenzi, mbele yetu sote, kwamba mtu anayekosea vipimo sebuleni kwake hawezi kutia saini maji yanayonywewa na mji mzima. Nikaomba mimi, nikapata. Tangu hapo kila anapohesabu matone humwomba mtu asimame karibu amhakiki, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka sita.

Jumatatu wiki hii nilimfuata mezani kwake nikamwambia yote. Akauliza ni siku zipi hasa. Kesho yake alikuja na lile daftari, akaniwekea kalamu nyekundu mbele. Nilizikata namba tano kwa mstari mmoja mmoja, nikatia saini na tarehe, kama kanuni ya maabara inavyotaka. Akaniambia kwamba aliungama kosa hilo mbele ya wote, kwa hiyo na masahihisho yasomwe mbele ya wote. Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Jana asubuhi alihesabu matone yake peke yake. Niliposogea nisimame pembeni kama kawaida, aliniambia nirudi nikakae.

Mama Matone, maabara nzima inakushukuru kwa miaka yote hii. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na wajukuu wasioshika vioo. Kiti ninachokalia kilikuwa chako, na hilo siwezi kulirekebisha kwa kalamu. Ninachoweza ni kusema ukweli ulionyimwa kwa miaka sita: mikono yako haikukosea.