Mama Kwanza na Swali la Asubuhi

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, Mama Kwanza anastaafu baada ya kutoza ushuru kwenye soko letu kwa miaka thelathini na moja. Wengine tunahesabu thelathini. Tofauti imetokana na ule mwaka soko lilipofungwa kukarabatiwa: sisi tulitawanyika barabarani, yeye akawa anakuja vilevile, anasimama getini na mkoba wake anawatazama mafundi wakichanganya zege. Hatujui ile tuiite kazi au mazoea. Ofisi imesema thelathini na moja, basi na iwe hivyo. Hatumharibii mtu sherehe kwa mambo ya hesabu.

Kazi ya kuandika haya imeniangukia mimi muuza viatu vya mtumba kwa sababu ndimi ninayetangaza kwenye spika ya soko, na kamati inaamini mwenye sauti kubwa ana maneno mengi. Mtaamua wenyewe mkifika mwisho.

Alianza akiwa msichana mwembamba anayeogopa mbwa wa buchani. Wiki ile ile ya kwanza akakutana na Fundi, mshona viatu wa pale karibu na choo, ambaye wakati huo bado alikuwa na nywele. Fundi hakuingiza mkono mfukoni. Alimwambia, "Dada, nikulipe ya nini na choo hakina maji?" Mtoza ushuru mwingine angeita askari. Yeye alisema hajui, akaenda zake ofisini, kesho yake akarudi na jibu: bomba limepasuka na kipuri hakijanunuliwa. Fundi akalipa. Maji hayakuwa yametoka hata tone, lakini akalipa. Mpaka leo hatujaelewa kwa nini, na ukimuuliza anajifanya ana misumari mdomoni.

Siku iliyofuata Fundi akaja na swali lingine. Muuza mkaa naye akataka lake. Mara soko zima linauliza na hakuna anayelipa. Ndipo Mama Kwanza akatunga utaratibu ambao hatujausikia kwenye soko jingine lolote: kila asubuhi swali moja, meza moja, kwa zamu. Kwanza swali, halafu ushuru. Jina lake limetoka hapo. Akijua jibu, anajibu na wote tunalipa. Asipojua, anasema, "Sijui, kesho nitajua," na wote tunalipa isipokuwa mwenye swali. Ushuru wake unangoja jibu. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, ila hapa kwetu kuuliza kulikuwa pia na faida kidogo.

Zamu ya Fundi ikifika, watu walikuwa wanaacha wateja. Fundi msimamo wake ni kwamba maji, choo, taa na dawa za zahanati ni haki ya mtu, na haki haiuzwi kama soli. Mama Kwanza anamjibu kwamba haki haitembei yenyewe, kuna mtu anaipiga deki, na huyo mtu ana watoto. Fundi anauliza, basi asiye na kitu afie mlangoni mwa zahanati? Mama anasema hajasema hivyo. "Ulisema juzi." "Juzi nilikuwa nimesimama upande wa jua." Unatazama huku, unaona Fundi kasema kweli tupu. Unageuka huku, unaona Mama ndiye mwenye kweli. Mimi kwa kawaida nilikubaliana na aliyesema mwisho. Muuza nyanya aliwahi kuwaambia, "Nyie wawili mnaniuza na kuninunua asubuhi moja, na mimi bado sijauza hata nyanya."

Huyo muuza nyanya ndiye aliyetuletea kubwa kuliko. Zamu yake ilipofika aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini yeye mwenye mafungu machache na mwenye duka la jumla mwenye magunia mpaka darini wanalipa sawasawa. Mama Kwanza akasema sijui, kesho nitajua. Kesho yake hakujua. Wiki hiyo hakujua. Alikwenda ofisini mpaka mlinzi wa ofisi akawa anamwita shangazi. Jibu likaja: ndivyo ilivyo. Mama akasema hilo si jibu, ni mlango umefungwa, na muuza nyanya akaendelea kutolipa.

Mngedhani alifurahi. Baada ya muda akaanza kuona aibu. Anatumia choo, taa inamwakia kichwani, mfagizi anaondoa nyanya zake zilizooza, na wanaolipia ni wenzake. Akamfuata Mama Kwanza, akamwambia, "Dada yangu, nafuta swali, nitoze kama watu." Mama akakataa. Swali likishatoka halirudi tumboni. Basi tukashuhudia kioja: mtu analazimisha kulipa kodi na mtoza kodi anaficha mkoba mgongoni. Fundi, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa neno, alikaa na kiatu cha mtu mkononi hajui amtetee nani. Aliyesema haki haina bei alikuwa anaona haki inamtesa mwenye nayo. Aliyesema lazima watu walipe alikuwa anakataa malipo.

Mwishowe ofisi ikachoka na Mama Kwanza, wakapanga ushuru kwa ukubwa wa meza. Ndio huo tunaolipa mpaka leo. Muuza nyanya akalipa siku hiyo hiyo huku anacheka peke yake. Mwenye duka la jumla akanuna, akauliza kama na yeye ataruhusiwa kwenda chooni mara nyingi zaidi kuliko wengine. Mama Kwanza alimwambia hilo ni swali zuri, lakini zamu yake bado.

Sasa tuje kwenye wiki hii, maana ndiyo iliyotukosesha usingizi. Ofisi imemleta mtozaji mpya, dada mpole aliyehamishwa kutoka soko jingine, na amekuja na kimashine. Unalipa kwa simu, kimashine kinalia, kinatema karatasi, dada anasogea meza inayofuata. Jumatatu walizunguka wote wawili kukabidhiana kazi, na zamu ilikuwa ya Fundi. Fundi akajiweka sawa kwenye kigoda, akasafisha koo. Yule dada akamwekea kimashine mbele. Fundi akamwambia kwanza swali. Dada akamjibu kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, hii mashine haina sehemu ya swali."

Fundi hakubishana. Alikunja aproni yake, akaweka sindano kwenye sanduku, akafunga. Tulizoea kumwona akikataa kulipa huku anaongea. Kukataa kimya hatukuwahi kukuona. Muuza nyanya akaacha kupanga mafungu yake. Nadhani sote tuliona kitu kimoja: Ijumaa anaondoka mtu mmoja, na swali linaondoka naye.

Tukamtazama Mama Kwanza aseme neno. Hakusema la mtoza ushuru. Ni lazima mjue kwamba akishastaafu anaanza kuuza ndoo na mabeseni papa hapa, meza ya pili kutoka kwa Fundi. Akavua mkoba, akampa yule dada aushike, akaenda kusimama nyuma ya ile meza yake tupu. Akasema, "Mimi ni mfanyabiashara hapa. Zamu ya mzee nimeiomba. Nikilipa ushuru, halafu mlinzi wa choo akaniambia nilipe tena mlangoni, nimlipe?"

Hilo ni swali la Fundi. Kaliuliza kwa miaka, kwa maneno hayo hayo, na aliyekuwa akimpinga ni Mama Kwanza. Fundi akabaki mdomo wazi kama buti lililoachia soli. Yule dada akatazama kimashine, akatutazama sisi, akasema, "Kwa kweli sijui, mama."

"Vizuri sana," Mama akamwambia. "Malizia: kesho nitajua."

Akamalizia. Na Fundi, bila kuuliza lolote, akafungua sanduku, akatoa simu akalipa. Nilimuuliza baadaye kulikoni, akaniambia, "Shemeji, mtu akikubali kwamba hajui, unamnyima?" Mimi si shemeji yake, na sikuelewa, lakini nililipa na mimi.

Jumanne dada akarudi na jibu mbele ya kila mtu. Ofisi inasema tusilipe mara mbili. Mlinzi wa choo anasema ofisi haijawahi kuja chooni. Kwa hiyo bado hatujui. Lakini kabla hajawasha kimashine aliuliza, "Zamu ya nani leo?" na muuza mkaa akainua mkono.

Mama Kwanza, tunakushukuru. Umetutoza miaka yote hiyo na bado tunakupenda, jambo ambalo nalo hatujalielewa. Tunakuombea afya, biashara ya ndoo isivuje, na miguu ipumzike. Jumatatu ijayo saa ya kufungua, zamu ya swali ni yako rasmi. Usije mikono mitupu.