Sauti Yangu Isiguswe

Sogeeni, wanangu. Gopinathan, weka hiyo simu chini, na wewe Vasumathi acha kunipepea kama uji. Nimechoka, na maneno haya nisipoyasema leo mtanisemea ninyi kesho, tena kwa uongo.

Nyumba ni ya Vasumathi, maana ndiye aliyenigeuza kitandani. Shamba la minazi ni la Gopinathan, na asimuuzie mjomba wa mkewe, yule aliyekula samaki wangu miaka yote huku akilitamka neno "mwigizaji" kama anayetaja ugonjwa. Bangili apewe mjukuu wangu Sreekala, azivae au azitupe, shauri yake.

Sasa ile filamu ya wapiga makumbi ya nazi, niliyoachiwa na marehemu Madhavan, mwongozaji wake. Jana alikuja yule kijana wa kampuni na boksi la halua, anataka kuisafisha aionyeshe upya, ila sauti yangu aing'oe, aweke ya binti mwenye koo laini. Nawe Gopi ukamjibu, "Amma hana neno." Ninalo.

Filamu zangu zote nyingine uso ulikuwa wangu na sauti ya Omana, aliyefungiwa chumba cha kurekodia sauti kule Madras akinisemea. Wenye filamu walisema nina sura ya mungu wa kike na koo la kunguru. Koo hili nililipata utotoni, nikiponda makumbi ya nazi na mama yangu, tukipigiana kelele ili tusikizane. Machozi yangu yalikuwa ya dawa, kilio cha Omana, na nchi nzima ikalia nasi. Nikiuliza bei ya bamia sokoni, muuzaji ananicheka: "Mama, usijifanye yeye. Yule anaongea asali." Umaarufu wenyewe ndio huo. Omana simchukii tena. Uso wake hakuna aliyeujua.

Madhavan peke yake ndiye aliyeniambia, "Dada, mwanamke huyu anaponda makumbi. Sema mwenyewe." Nikasema. Filamu ikaanguka, viti vikabaki na popo. Lakini siku moja niliingia sinema kuitazama, nimejifunika uso, na nyuma yangu mpiga makumbi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Sikia, anaongea kama sisi." Sikugeuka. Kazi yangu yote, hilo tu ndilo nililolisikia likaniingia.

Basi wakiitaka, waichukue na koo lake. Wasipoitaka, ioze.

Nikifa msinilaze ukumbini nipigwe picha. Nichomeni uani, upande wa kusini, wala msipige nyimbo za filamu zangu, sikuziimba mimi.

Nawabariki. Mle mshibe, mlale bila kuogopana, watoto wenu wawazike ninyi... Ngoja nipumue.

Gopi, sogea. Kalamu ya mkataba utaishika wewe, mimi nikiwa jivu. Niambie mbele ya dada yako kwamba hutaiuza bila sauti yangu.

Usinijibu kwa kutikisa kichwa, mwanangu... sikuoni tena.

Sema.